Kichwa nilichoandika si kichwa walichokisoma

Ujumbe uliingia usiku, nikiwa nimeshazima kompyuta.

"Shikamoo dada. Samahani kwa usumbufu usiku huu. Nimeona umeandika aspirini kwa mtoto mwenye homa. Wangu ana miaka minne. Nimpe nusu au nzima?"

Niliusoma mara mbili. Makala aliyoitaja naikumbuka karibu neno kwa neno, na inasema kinyume chake. Niliiandika kwa sababu moja tu: kuwaambia wazazi wasimpe mtoto mwenye homa aspirini bila daktari kuagiza. Dawa hiyo imehusishwa na ugonjwa wa Reye, ambao ni nadra lakini huvimbisha ubongo na kuharibu ini, na huwapata zaidi watoto wanaougua mafua au tetekuwanga, au ndio kwanza wanaanza kupata nafuu. Uingereza waliweka onyo kwa watoto wa chini ya miaka 12 mwaka 1986, na mwaka 2002 wakaupandisha umri huo hadi 16. Yote hayo yamo kwenye makala.

Sikumjibu kwa maandishi. Nilimpigia.

Hakuwa amempa. Kidonge kilikuwa mezani, mtoto amelala. Nilipohakikisha hilo, na tulipokwisha kuelewana kuhusu nani wa kumwona na dalili zipi zisisubiri asubuhi, ndipo nilipomuuliza:

"Mdogo wangu, ukurasa wenyewe umeufungua?"

"Sijaufungua, dada. Nimeona tu pale nilipotafuta, nikasema kwa nini nisikuulize mwenyewe."

Nikamwomba anitumie picha ya skrini. Ilipofika niliitazama mpaka simu ikajizima mkononi. Jina la blogu yangu lilikuwa pale juu, dogo, likiwa na alama yake. Chini yake, kwa herufi kubwa za rangi ya samawati:

Aspirini kwa mtoto mwenye homa

Basi. Hakuna kingine.

Hizo ni wiki saba zilizopita. Mtoto alipona. Mimi ndiye niliyeshindwa kuliweka jambo hili chini.

## Neno lililobaki nyuma

Usiku ule ule niliwasha tena kompyuta nikiwa na hasira. Nilikuwa na hakika kwamba injini ya utafutaji imetunga maneno yake na kuyabandika juu ya kazi yangu. Sitaitaja ni injini gani, kwa sababu nililokuja kulielewa halihusu kampuni moja. Google na Bing zote zimeeleza waziwazi kwamba kichwa zinachoonyesha kinaweza kuwa tofauti na kile alichoandika mwenye ukurasa.

Nilifungua ukurasa wangu kuutafuta ushahidi. Ushahidi ulikuwa juu kabisa, kwa herufi nilizozichagua mwenyewe:

Aspirini kwa mtoto mwenye homa

Na chini yake, peke yake kwenye mstari wake, kwa rangi nyekundu:

Usimpe.

Niliupenda sana mpangilio ule. Nakumbuka siku niliyouweka. Nilitaka jicho la mzazi lisome mstari wa kwanza, litulie kidogo, halafu likutane na neno lile jekundu. Ni kama msimulizi anavyonyamaza kabla ya kutamka neno zito, na hadhira yote ikanyamaza naye.

Mashine haikunyamaza nami. Ilichukua mstari wa kwanza ikaondoka.

Nilipoutazama msimbo nilielewa. Mstari wa kwanza nilikuwa nimeuwekea tagi, yaani alama ya msimbo, ya kichwa kikuu cha ukurasa. Wa pili ulikuwa aya ya kawaida iliyopakwa rangi. Wekundu ule ambao kwangu ulikuwa kengele, kwenye msimbo ulikuwa pambo la aya. Onyo langu lote nilikuwa nimelining'iniza kwenye pambo.

## Na kile kingine?

Msomaji anayejua mambo haya ataniuliza: kichwa rasmi kilikuwa wapi? Kila ukurasa wa wavuti una tagi ya kichwa isiyoonekana ndani ya ukurasa wenyewe, ile ambayo maneno yake hutokea juu ya kichupo cha kivinjari na kwenye orodha ya kurasa ulizohifadhi. Injini zilizoea kuichukua hiyo. Kwa nini haikuichukua?

Nilikuwa nayo. Nainakili hapa kama ilivyokuwa, bila kuipunguza:

Usimpe Mtoto Mwenye Homa Aspirini Kabla Hujasoma Haya: Sababu, Dalili za Hatari na Dawa Nyingine – Afya ya Mtoto, Malezi, Ushauri wa Wazazi, Familia

Mwishoni likafuata jina la blogu.

Niliandika hivyo kwa sababu miaka ile kila aliyetoa ushauri wa kupanda kwenye matokeo alisema jaza maneno muhimu. Nikajaza. Mkia ule wa "Afya ya Mtoto, Malezi, Ushauri" ulikuwa kwenye kila ukurasa wangu, ukitoka kwenye kiolezo, ule muundo mmoja ambao kurasa zote za blogu hufuata. Google wanaitaja tabia hiyo kwenye miongozo yao miongoni mwa zile zinazowafanya wakiache kichwa cha mwandishi na kutafuta kingine: maneno muhimu yaliyorundikwa, maneno yale yale yanayojirudia tovuti nzima, kichwa kisicho kamili, kichwa kilichopitwa na wakati, kichwa kilichoandikwa kwa lugha isiyo ya ukurasa. Nadhani injini ile nayo ilikiona kichwa changu, ikakihesabu kuwa uchafu, ikashuka chini kutafuta maneno mafupi na safi. Ikayapata.

Lakini kuna jambo jingine ambalo sikuliona mpaka wiki ya pili, na liliniuma kuliko hilo la mkia. Soma tena mwanzo wake. "Usimpe mtoto mwenye homa aspirini kabla hujasoma haya." Maana yake ni kwamba ukishasoma, unaweza kumpa. Niliongeza maneno matatu ili watu wabofye, na maneno hayo matatu yakaligeuza katazo kuwa sharti.

Kwa hiyo hata kama injini ingeniheshimu neno kwa neno, bado kichwa changu kilikuwa na ufa.

## Kinachofanyika huko nyuma

Tarehe 24 Agosti 2021 Google walitangaza kwamba wamebadilisha namna ya kutengeneza vichwa vya matokeo. Hapo kabla, tangu 2012, kichwa kiliweza kubadilika kulingana na kile mtu alichotafuta. Kuanzia tangazo lile, lengo likawa kupata kichwa kimoja kinachoueleza ukurasa kwa jumla, awe ametafuta nani na kwa maneno gani. Vyanzo wanavyovitaja ni vingi: tagi ya kichwa, kichwa kikuu kinachoonekana, vichwa vidogo, maandishi yoyote yaliyokuzwa yakaonekana wazi, hata maneno ambayo watu wengine wameyatumia wanapoweka kiungo cha kuja kwako.

Hilo la mwisho lirudie kulisoma. Ukurasa wako unaweza kuitwa kwa jina alilolitumia mtu mwingine akiwa kwake.

Wenye tovuti walilalamika sana. Mwezi uliofuata Google wakatoa maelezo ya ziada, wakasema maandishi ya tagi ya kichwa sasa yanatumika karibu asilimia 87 ya wakati, kutoka asilimia 80 hivi hapo awali. Mtafiti wa mambo ya utafutaji, Cyrus Shepard wa kampuni ya Zyppy, aliyelinganisha vichwa zaidi ya 80,000, alikuta takriban asilimia 61 vimeguswa kwa namna moja au nyingine. Namba hizi mbili hazipimi kitu kimoja, na sioni sababu ya kuzigombanisha. Niliishia kwenye ile ya kwanza, iliyo ya upole zaidi. Asilimia 13 zinazobaki ni karibu kichwa kimoja kati ya kila vinane. Hesabu kurasa zako, gawa kwa nane, halafu jiulize ni zipi.

Na kuna kukatwa, ambako ni shauri jingine. Kwenye kompyuta kichwa hupata nafasi ya takriban pikseli 600, kisha kinafuatwa na nukta tatu. Watu hupenda kusema ni herufi 60, lakini upana haupimwi kwa idadi ya herufi. Katika mwandiko kama Arial, herufi m huchukua nafasi karibu mara nne ya herufi i. Sisi ambao kila mtu, kila mti na kila mwezi wetu unaanza na m, nafasi hiyo huisha upesi.

## Silabi moja

Nimeandika Kiswahili mtandaoni kwa miaka, na sikuwahi kufikiria kukanusha kwetu kunakaa wapi.

Umpe. Usimpe.

Tofauti ni silabi moja, nayo imo ndani ya tumbo la kitenzi. Katika katazo kama hili hatuna neno la kukataa linalosimama peke yake mbele ya sentensi, ambalo ukilidondosha msomaji ataona pengo. Ukikiondoa kitenzi, umeondoka na katazo lote, na kilichobaki kinasomeka kama sentensi nzima isiyo na jeraha. "Aspirini kwa mtoto mwenye homa." Hakuna anayeweza kuhisi kwamba hapo palikuwa na "usi".

Tena lile "kwa" linazidisha. Sisi husoma "dawa kwa watoto", "vitabu kwa wanafunzi", na moja kwa moja tunaelewa kwamba kitu hicho kimekusudiwa watu hao. Niliandika jina la mada. Msomaji wangu alisoma maelekezo.

Baada ya kuligundua hilo nilizipitia kurasa zangu zote, moja moja, nikiandika jina la kila ukurasa kwenye kisanduku cha utafutaji na kuangalia kilichotokea. Kazi ilichukua jioni nne. Nilikuta mbili nyingine zilizonikosesha raha. Moja ilikuwa hii:

Kumfunika mtoto mwenye homa blanketi zito na kufunga madirisha…

Kichwa kamili kinaishia na "ni kosa". Maneno hayo mawili yalikuwa ng'ambo ya zile nukta tatu. Nilikuwa nimefuata mtiririko ambao ni mzuri kwenye Kiswahili, ule wa kulitandaza jambo lote kwanza na kuweka hukumu mwishoni. Kwa mdomo hupendeza. Kwenye pikseli 600, hukumu ndiyo inayokatwa.

## Mashine ilivyokuwa ikinisitiri

Hapa ndipo hasira yangu ilipoanza kupoteza miguu, na sikulitarajia.

Katika zile jioni nne nilikuta pia kurasa 14 za miaka yangu ya mwanzo ambazo sikuwa nimeziandikia kichwa chochote. Kiolezo kilikuwa kimezipa zote jina moja: "Malezi". Kurasa 14 zenye jina moja. Kwenye kichupo cha kivinjari zinaonekana hivyo mpaka leo, isipokuwa zile nilizokwisha kuzirekebisha. Lakini kwenye matokeo ya utafutaji kila mmoja ulikuwa na jina lake. Injini iliingia ndani, ikasoma kichwa nilichokiweka juu ya makala, ikakitoa nje na kukivisha ukurasa. Ule wa kumwachisha mtoto ziwa uliitwa wa kumwachisha mtoto ziwa. Ule wa meno ya kwanza uliitwa wa meno ya kwanza.

Kwa miaka yote hiyo mashine ilikuwa ikinisitiri, na sikujua.

Wazazi walionipata kupitia kurasa hizo walinipata kwa sababu ya kitendo kile kile ambacho nusura kimpe mtoto kidonge. Ni njia ile ile, na uamuzi ni ule ule: tagi hii haifai, nitachukua kichwa kikuu. Mara 14 ulisaidia. Mara moja ukatisha.

Nilijaribu kujiambia kwamba hesabu hiyo inatosha kunituliza. Haikutosha. Nilijaribu pia kujiambia kwamba kosa lote ni langu, na kwa siku kadhaa niliamini hivyo. Niliona hata unafuu fulani, maana kosa likiwa langu ninaweza kulirekebisha peke yangu nikalala.

## Kanuni yenyewe inasemaje

Kisha nikasoma kanuni za HTML, lugha ya msimbo ya kurasa za wavuti, zile zinazotunzwa na kundi liitwalo WHATWG, kwenye sehemu ya tagi ya kichwa. Sikuwa nimewahi kuzisoma ingawa nimezitumia maisha yangu yote ya blogu. Zinasema mwandishi atumie kichwa kinachoutambulisha ukurasa hata kikiwa kimetolewa nje ya mazingira yake, kwa mfano kwenye historia ya kivinjari, kwenye kurasa zilizohifadhiwa, au kwenye matokeo ya utafutaji. Halafu zinaongeza kwamba mara nyingi kichwa hicho hutofautiana na kichwa cha kwanza kinachoonekana ndani ya ukurasa, kwa sababu kichwa cha ndani hakilazimiki kusimama peke yake.

Nilisimama hapo.

Hakilazimiki kusimama peke yake. Yaani nilipoandika "Aspirini kwa mtoto mwenye homa" na kuliacha neno jekundu lije chini, sikuvunja kanuni yoyote. Kichwa cha ndani kina majirani. Kina picha, kina aya, kina rangi, kina mstari unaofuata. Kinategemea wote hao, na kina haki ya kuwategemea. Chombo kilichoandaliwa kwenda nje peke yake ni kile kingine. Na injini, ilipokuta kile cha nje kimechakaa, ikamtoa yule wa ndani mlangoni bila nguo za kutokea.

Sisemi hivyo kujisafisha. Kile cha nje nilikichakaza mimi. Nasema kwamba utaratibu tulioachiwa ulitenganisha majina mawili kwa sababu nzuri, na leo mwandishi hana budi kuandika kila kichwa kana kwamba kinaweza kusafirishwa peke yake usiku wowote. Vichwa vidogo vya hapa ndani navyo nimevipima hivyo. Kuna kimoja nimekifuta.

## Zamani tuliweza kukataa

Si mara ya kwanza kurasa kuitwa kwa majina ya wengine. Wakongwe wataikumbuka DMOZ, ile saraka kubwa ya tovuti iliyoanzishwa 1998, ambayo watu wa kujitolea walikuwa wakiandika jina na maelezo ya kila tovuti wanayoiingiza. Injini zilikuwa zikichukua maandishi yale na kuyaonyesha badala ya ya mwenyewe. Watu walilalamika, na mwaka 2006 ikaletwa tagi ndogo iliyoitwa noodp. Ukiiweka kwenye ukurasa wako, umesema: msinichukulie jina kutoka kule. Ikaheshimiwa. Saraka ilifungwa Machi 2017 na tagi ile ikakosa kazi.

Leo hakuna tagi kama hiyo kwa vichwa. Dondoo, yale maelezo mafupi ya chini, unaweza kuyazuia. Kuna nosnippet kwa ukurasa mzima, na kuna namna ya kufunga hata sehemu moja tu ya maandishi yasitokee huko nje. Kichwa, ambacho ndicho kinachosomwa kwanza na mara nyingi ndicho pekee kinachosomwa, huwezi kukifunga.

Rafiki yangu aliyefanya kazi gazetini miaka mingi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Dada, mwandishi lini akawa na kichwa chake? Sisi tulikuwa tunaandika habari, kichwa anaweka mhariri. Kesho yake unanunua gazeti ndipo unajua habari yako inaitwaje."

Ni kweli, na nililifikiria sana jibu lake. Lakini mhariri yule alikuwa amesoma habari yote. Alikuwa na jina na dawati. Kichwa kikipotosha, mwandishi alijua asubuhi ile ile kwa sababu gazeti liko mkononi mwake, na kesho yake masahihisho yangeweza kuchapishwa. Mimi gazeti langu sikuliona. Ningelionaje? Kwangu ukurasa ulikuwa unafunguka vilevile kila siku, na lile neno jekundu lipo mahali pake.

Tena tangu Oktoba 2022 Google huweka jina la tovuti peke yake juu ya kiungo, kwanza kwenye simu. Ni jambo zuri, msomaji anajua anasikia kutoka kwa nani. Lakini ndilo linalofanya kichwa kilichobadilishwa kisomeke kama kauli yangu. Yule mama hakusema "nimeona kwenye injini". Alisema "nimeona umeandika".

Kama ningepewa nafasi ya kuomba kitu kimoja, nisingeomba hata tagi ya kukataa. Ningeomba kuambiwa. Search Console ya Google inamwonyesha mwenye tovuti maneno watu waliyotafuta, mara ngapi ukurasa ulionekana, mara ngapi ulibofywa, ulikuwa wa ngapi kwenye orodha. Hakuna safu inayosema: ulionekana ukiitwa hivi. Safu moja tu. Ningeiona siku ya kwanza.

## Waliopita tu

Marekebisho yenyewe hayana hadithi ndefu. Tagi ya kichwa sasa inasema "Usimpe mtoto mwenye homa aspirini", na kichwa kikuu cha ndani kinasema maneno hayo hayo, na mkia wa kiolezo nimeuondoa kwenye kurasa zote. Ule wa blanketi sasa unaanza na "Ni kosa". Niliomba ukurasa usomwe upya. Kwa siku nane niliamka na kuutafuta kabla sijafanya lolote. Siku ya tisa ulitokea ulivyo. Nilimtumia yule mama picha ya skrini, akanijibu kwa neno moja: "Afadhali."

Kilichobaki ni namba.

Kwenye takwimu za injini ile, ukurasa huo ulionekana mara nyingi mno kuliko ulivyobofywa. Hilo ni la kawaida, kila mwenye blogu analijua na hujifariji kwamba waliopita walipata walichotaka kwa mwingine. Nilikuwa nikizisoma safu hizo mbili kama mfanyabiashara: wangapi wameingia, wangapi wamepita. Sasa nazisoma na swali tofauti. Mtu aliyesoma "Aspirini kwa mtoto mwenye homa", akaona jina la blogu anayoiamini juu yake, na akaridhika, huyo asingebofya. Angeondoka akiwa na jibu. Kwenye takwimu yupo upande wa waliopita, pamoja na wale ambao hawakuvutiwa. Sina njia ya kuwatenganisha, na sijui kichwa kile kilikaa pale wiki mbili au mwaka.

Mmoja aliuliza. Alikuwa na namba yangu.

Nilitaka kuandika masahihisho, nikasita, kwa sababu masahihisho huandikwa kwa neno ulilolichapisha, na mimi sentensi ile sikuichapisha hivyo. Nikasita zaidi nilipokumbuka kwamba waliopita hawaufungui ukurasa, kwa hiyo hawatayaona. Nimeyaandika hata hivyo. Yako juu kabisa, kabla ya aya ya kwanza:

"Kama uliwahi kuuona ukurasa huu kwenye matokeo ya utafutaji ukiitwa Aspirini kwa mtoto mwenye homa, kichwa hicho hakikuwa kamili. Usimpe. Kama ulishampa, usimwongezee, na umwone daktari haraka ukiona anatapika mfululizo, anasinzia kupita kawaida, amechanganyikiwa au anapata degedege. Unaweza kuniandikia saa yoyote."

Nimeyaweka kwa herufi nyeusi za kawaida, yote kwenye aya moja.